Kengele ya Jumanne, Saa Nne

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi na muuza simu mmoja ambaye wateja walimwita Kasoro Kwanza. Ametutoka akiwa na miaka hamsini na miwili. Nasema tena, hamsini na miwili tu.

Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja, kati ya kinyozi na muuza viatu. Meza ya kioo, taa ya kuinamia, mswaki mkuukuu wa kusafishia vumbi. Jina hilo alilipata kihalali. Ukimuulizia simu, ataanza na ubaya wake. Wauzaji wengine humwaga sifa mpaka simu yenyewe inaona haya. Yeye hapana.

Mimi nilikwenda kwake kutafuta simu ya bei ya kati. Akatoa moja nyeusi, akabaki ameishika mwenyewe.

"Sikiliza, mtangazaji," akasema. "Kamera ya hii, giza likiingia kidogo tu, haioni. Utampiga mkeo picha, atoke kama mjomba wako. Ukiongea huku inachaji, inachemka mpaka sikio linalalamika. Nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, na wewe nakuona ni mtu wa video."

"Sasa ninunue ya nini, fundi?"

"Chaji inakaa siku mbili. Kioo kinasomeka hata juani. Halafu kengele yake inalia hata simu ikiwa imezimwa. Mimi mwenyewe natumia hii hii."

Nikainunua. Kasoro zote alizozitaja nilizikuta, na hakuna hata moja iliyonishtua. Hilo la kengele lishikeni, wasikilizaji. Nitalirudia.

Mkewe ni mshonaji wa mapazia. Anasema hata uchumba ulianza hivyo hivyo. "Aliniambia, dada, mimi nakoroma, nasahau nilichotumwa, na ni mkono wa birika. Ndipo akasema ananipenda. Nilicheka hadi nikamwaga pini zote. Nikajiambia, huyu hatanificha kitu."

Wasikilizaji wapendwa, alimficha kimoja.

Kila Jumanne, saa nne asubuhi, simu ya fundi ililia pale dukani. Anaizima, anaendelea na kazi. Kinyozi wa jirani akiuliza, anajibiwa, "Aa, mteja huyo. Atasubiri." Ikaenda hivyo miezi saba. Nasema miezi saba.

Siku moja ya Ijumaa, akiwa ameinamia simu ya mtu, alishika kifua, akaanguka. Kinyozi alimkimbiza hospitali, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado begani. Hawakuwahi.

Jumanne iliyofuata, sebule ilijaa watu waliokuja kumpa pole mkewe. Simu ya marehemu ilikuwa imezimwa, imewekwa kwenye droo ya cherehani. Saa nne kamili, ikalia. Watu wakageukia cherehani. Mkewe akavuta droo. Kwenye kioo kulikuwa na maneno ambayo fundi aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Kliniki. Moyo. Usiahirishe."

"Niliyasoma mara mbili," mkewe aliniambia. "Kasoro za simu za mji mzima alizisema. Ya moyo wake akanificha mimi, mkewe. Nilimlilia, na nikamkasirikia. Mpaka leo nina hasira naye."

Kaka wa marehemu, dereva wa lori, hakutaka niyaseme haya hewani. "Mtu kashazikwa, bwana. Mtajie mema yake, yatosha."

Mjane akamgeukia mbele yangu. "Shemeji, nduguyo angeanza na kasoro. Na wewe, hivyo vidonge vya kifua unavyotafuna kila asubuhi, daktari gani amekuandikia?"

Yule bwana akavisukuma vidonge ndani ya mfuko wa shati. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini, "Haya, sema."

Basi nimesema, kwa ruhusa yao wote wawili. Na nikiri yangu: nilimpenda sana fundi yule. Nikipiga picha jioni na kuiona imefifia, namsikia akinicheka. Lakini nami nina kinyongo naye kidogo. Alijua kabisa namna ya kumwambia mtu ukweli bila kumtisha. Alishindwa kwa mtu mmoja tu, aliyekula naye meza moja.

Kwa mjane, kwa mabinti wawili wa marehemu, kwa kaka yake, na kwa kinyozi aliyejitahidi mpaka mwisho: poleni sana. Kituo hiki kizima kiko nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna maumivu unayoyapiga danadana, usiyafiche nyumbani. Mwambie mkeo, mumeo, dada, hata jirani. Mwambie leo.

Kengele ile haijafutwa. Mjane hataki. Jumanne hii imelia tena, saa nne kamili, ndani ya droo ya cherehani. Aliiacha ilie, akachukua simu yake akampigia shemeji.

"Uko wapi, shemeji?"

"Nipo kliniki, kwenye foleni," dereva akajibu. "Nambari kumi na moja. Wako wa tisa."

Mjane akavuta droo, akaizima kengele.