Mama Divine Hajaja Kuchukua Avansi Yake

Asalamu alaikum, akina mama. Wa kanisani, Bwana asifiwe. Na kama yuko aliyekuja leo kuona nitakavyoanguka mara ya pili, amahoro na kwake pia, akae vizuri.

Mama Prezida aliniomba mambo mawili kabla sijasimama hapa. Niseme yote, na nisitaje jina la mutu. Nimemwahidi yote mawili. Wale wageni niwaeleze kidogo: katika likirimba yetu, yaani mchango wa kila Jumapili unaobebwa na mmoja kwa zamu kila Jumapili ya tatu, aliyefukuzwa kwa kutochanga anaweza kurudi, lakini lazima alipe yote anayodaiwa na asimame mbele ya wenzake aseme alivyoanguka. Halafu mnaamua. Mimi nataka kurudi. Mwaka mzima na zaidi nimewaona kila Jumapili mkipita mbele ya nyumba yangu mumependeza, mnakuja kuchanga, mimi nimeinamia sufuria najifanya sioni. Iliniuma sana, sitawadanganya.

Wengi mnajua kazi yangu. Nauza chagua, nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, lakini kibanda sokoni sina. Duka langu ni simu. Balo, yaani robota zima la nguo, inakuja na basi kutoka Bujumbura, naikata kamba chumbani, nafua za kufua, napiga pasi, natundika nguo moja moja kwenye mlango wangu wa bluu, napiga picha, naandika bei, natuma kwenye grupu. Wateja walikuwa wa hapa Rumonge, wa Magara, wa Kabezi, mpaka Kabonga kule karibu na Tanzania.

Na mnajua sisi watu wa huku tunavyonunua. Mutu akiona gauni linampendeza anaandika neno moja: niwekee. Basi. Ukiandikiwa hivyo unalitoa mlangoni, unalitundika kwenye msumari na karatasi ya jina lake, na haliuzwi tena mpaka mwenyewe aje. Kumwomba pesa ya kutanguliza ni kumtukana. Niliwahi kumwomba mteja mmoja avansi, nusu tu, akanijibu, "Dada, kwani uliniona naiba wapi?" Grupu nzima ikanicheka siku tatu. Sikuomba tena.

Zamu yangu ya kupokea iliangukia mwezi mmoja kabla ya Idi. Nilibeba pesa yenu yote, nikapanda basi, nikarudi na balo mbili za magauni mazuri. Sikubakiza hata faranga ya kuchanga Jumapili iliyofuata. Nilijiambia wateja watanilipa kabla. Ndugu zangu, hilo kosa ni langu peke yangu, halina mwenzangu ndani yake. Mengine yanakuja.

Siku mbili tu, magauni yote yamewekwa. Mama Divine wa Kabezi, ishirini na moja. Chantal wa Nyanza-Lac, kumi na tisa. Walikuwa wanne, wateja wapya, wakakomba karibu kila kitu. Nilicheza chumbani peke yangu. Halafu nikamwita rafiki yangu aje afurahi na mimi, rafiki wa kula naye sahani moja, tumetobolewa masikio siku moja. Akazunguka chumba, akashika vitambaa, akasoma zile karatasi za majina. Akasema, "Weye sasa umetajirika, utatusahau." Nikamwandalia chai na maandazi. Nikamwongezea na maandazi ya kwenda nayo nyumbani, jamani.

Watu wakawa wanakuja mlangoni na pesa mkononi. Mwalimu mmoja alitaka gauni la kijani la mke wake. Nikamwambia limewekwa. Akasema, "Aliyeliweka yuko wapi? Mimi niko hapa na pesa iko hapa." Nikamrudisha. Nilirudisha watu wengi sana kwa heshima ya Mama Divine.

Mama Divine haji. Anaandika, "Dada, esansi hakuna, basi hazitembei, wiki ijayo nakuja." Na kweli mafuta ya magari yalikuwa hakuna, mnakumbuka magari yalivyolala barabarani, kwa hiyo nilimwamini. Chantal naye esansi. Wote wanne esansi. Jumapili ya kwanza sikuchanga. Ya pili nikatuma mutu aseme naumwa. Ya tatu ilikuwa zamu ya mama anayenifuata, akapokea pungufu, na mutoto wake akarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, ile ada ya shule. Mama huyo yuko hapa. Sikutaji, mama, lakini nilikuona umesimama nje ya shule unafuta macho na kanga, na mimi siku hiyo nilikuwa na magauni sabini ukutani. Nilikuwa nalala katikati ya nguo nzuri na sina hata ya chumvi.

Idi ikapita. Gauni la Idi baada ya Idi, nani analitaka kwa bei ile? Zile namba nne zikawa hazipatikani. Hapo ndipo rafiki yangu alipokuja, na pole nyingi na pesa mkononi. "Dada yangu, nipe zote tu, nikuondolee aibu." Akazibeba kwa bei isiyofika nusu ya niliyonunulia. Nilimshukuru. Nilimshika mikono nikalia juu ya mikono yake, na yeye akanipapasa mgongo. Nikiukumbuka mkono ule mgongoni kwangu natamani kuukwangua na jiwe la kuogea.

Pesa ile haikufika hata robo ya deni lenu. Mkanifukuza, na mlikuwa na haki. Nikaenda kwenye mawese, kubeba ngazi, ile mikungu ya michikichi, na kukamua mafuta. Nywele, kucha, shuka, vyote vikawa vinanuka mawese. Miezi.

Siku moja mteja wangu wa zamani wa Kabonga akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada, nisamehe kukusumbua. Kuna mutu huko kwenu alinichukulia pesa yote mwanzo wa mfungo, gauni la harusi ya mudogo wangu. Akaniletea baada ya Idi. Sasa naangalia ile picha, naona ni mlango wako. Ni weye ama siye?" Akanitumia picha na namba aliyolipia.

Mlango ni wangu. Bei ni mara mbili ya yangu. Na mwanzo wa mfungo gauni hilo lilikuwa kwenye msumari wangu, na karatasi ya Mama Divine. Kumbe mutu alikuwa anauza nguo zangu zikiwa bado chumbani kwangu, anapokea pesa, anawaambia watu wangoje, kwa sababu alijua zitamfikia tu, na alijua kwa bei gani. Namba ya kulipia sikuhitaji kuitafuta ni ya nani. Nilikuwa naipiga kila asubuhi kumjulia hali.

Akina mama, mimi si mutu mpole, mnanijua. Nilichukua mchi. Nilifika mpaka kona ya nyumba yake. Aliyenikamata ni jirani yangu, mama wa Fizi kule Kongo, yule anayenunua ndagala, dagaa wa ziwani, Magara na kuziuza hapa. Akanizuia njia na beseni lake kichwani. "Na huo mchi unaenda kutwanga nini saa hizi?" Nikamweleza, nalia kwa hasira. Akaniambia, "Ukimupasua kichwa, utamulipia hospitali. Uko na makuta ya hospitali?" Sina. "Basi rudisha mchi kwa jiko."

Akanikalisha. Akaniambia maneno ambayo sikuyasikia shuleni wala msikitini. "Miye samaki siwekeagi mutu. Hata mama yangu aliyenizala akisema niwekee, namwambia lete makuta kwanza. Ndagala ikilala siku tatu iko inanuka, kila mutu anajua nimepata hasara. Nguo yako nayo iko inaoza, ni vile tu hainuke. Inaoza pale kwa msumari na weye unaiangalia unasema niko tajiri."

Nilihesabu moyoni wale wote niliowarudisha mlangoni, mwalimu na gauni lake la kijani, na nikaona kwamba mwizi wangu hakuvunja hata kufuli. Mlango nilimfungulia mimi, na adabu zangu.

Mama wa Fizi akanikopesha balo moja. Pesa yake ilitosha ile ya bei ya chini, ambayo hakuna mchuuzi wa huku ziwani anaitaka: makoti ya baridi. Mnacheka. Na mimi nilicheka. Nani atavaa koti la sufu Rumonge, hapa ambapo hata usingizi tunalala na jasho? Lakini juu huko Bururi watu wanatetemeka asubuhi, na Bururi nao wana simu. Nikaomba dereva mmoja anitie kwenye grupu za huko. Nikaandika masharti juu ya kila picha: avansi nusu, siku tatu, usipokuja koti linauzwa na avansi hairudi. Ukinitukana nakutoa. Hapa waliniita mchoyo. Wa Bururi walilipa, maana baridi haina aibu. Kila koti likitoka, pesa naigawa kabla sijala: ya mama wa Fizi, ya balo inayofuata, ya deni lenu, na inayobaki ndiyo ya chakula. Kuna siku haikubaki, tukala mihogo.

Sasa sikilizeni vizuri. Makoti yakiwa yamebaki kumi na manne, mazuri kuliko yote, nani akatokea kwenye grupu? Mama Divine. Amefufuka. Na Chantal naye. "Niwekee." Niliposoma, mwili wangu wote ukapata moto, moto mtamu, sitaficha. Nikaona mutu amesikia kwamba makoti yanatoka, pengine ameshayauza kwa picha zangu kama yale magauni, anataka niyafungie tena chumbani nishindwe, aje na pole zake.

Nikaandika: wateja ni wengi, anayetanguliza avansi ndiye anayepata, na leo mwisho ni saa sita mchana. Nikamwomba wifi yangu aandike niwekee chini ya kila picha, ili mwenye haraka azidi kupata haraka. Nikaweka bei juu. Nikakaa mlangoni na simu mapajani.

Saa tano na nusu avansi zikaanza kuingia. Ya Mama Divine, ya Chantal, za wale wengine wawili, makoti yote kumi na manne. Na ninyi mnajua, ukitumiwa pesa kwenye simu, ujumbe unakuja na jina la aliyetuma, lile la kwenye kitambulisho. Mwenye haraka hakupata nafasi ya kutafuta simu ya kuazima. Mama Divine alikuwa na jina. Chantal alikuwa na jina hilohilo. Wote wanne, jina moja, la mutu niliyempa maandazi ya kwenda nayo.

Nikaandika, "Murakoze, asanteni, mizigo yenu iko tayari, siku tatu." Siku ya kwanza hakuja mutu. Ya pili hakuja. Ataniambia nini akija, kwamba yeye ndiye Chantal? Ya nne asubuhi makoti yakapanda gari kwenda Bururi, yakauzwa tena, na bei nzima. Halafu Mama Divine akaandika. "Dada, nilipata musiba, nirudishie avansi yangu tafadhali." Nikamjibu, "Pole sana kwa musiba. Njoo nyumbani, nitakupa mkononi, nikukumbatie." Mpaka leo namngoja. Avansi yake niliifunga kwenye kitambaa peke yake, sikuila.

Mtaniuliza kama nimesamehe. Imamu kaniuliza, Mama Prezida kaniuliza, hata mama wa Fizi kaniuliza. Sijasamehe. Nilipokuwa nabeba ngazi za mawese sikupewa nguvu na subira, nilipewa nguvu na uso wake. Naomba Mungu anisaidie siku atakayotaka Yeye, ila sijamharakisha.

Namshukuru mama wa Fizi, deni lake limekwisha na bado ananiletea ndagala. Namshukuru wifi yangu na uongo wake wa asubuhi moja. Namshukuru mama wa Kabonga kwa macho yake makali. Namshukuru yule mama aliyepokea pungufu. Mutoto wake amerudi shule, na nusu ya minervali ya mwaka huu nimeitoa mimi, tulishaongea. Na ninyi mnaouza kwa simu, nawaambia kile nilichonunua kwa bei kubwa: nguo iliyotundikwa kwa jina la mutu si pesa, hata iwe nzuri namna gani. Mwenye pesa mkononi ndiye mteja. Na ya kuchanga itolewe kwanza, kabla ya balo.

Hii hapa juu ya mkeka ni pesa yote niliyokuwa nadaiwa, Mama Prezida, hesabu mbele yao. Na hiki kitambaa kidogo, hiki kilichofungwa, ni zile avansi za makoti. Kimo ndani ya deni, bila hicho haitimii. Kwa hiyo yuko mmoja kati yetu hapa ambaye amenilipia sehemu yangu ya kurudi, na yeye pia namshukuru. Kanuni inasema asiyekubali nirudi anyooshe mkono na aseme sababu. Haya, anyooshe. Nimesimama, nina nafasi, nawaangalia mmoja mmoja.