Sindano ya Saa Sita

Amani kwenu, wapendwa wote mulioketi hapa. Mumeniomba niseme yangu mbele ya kikundi chetu cha wazazi wenye watoto wagonjwa, na mimi si muntu wa kusema mingi. Donc nitaenda polepole, na nikisimama kidogo katikati, muniache nisimame.

Wengine munanijua. Nilikuwa mwalimu Bukavu. Vita ilipoingia nilikimbia na binti yangu. Mama yake alibaki Uvira kwa wazazi wake, akingojea makaratasi. Hapa Bruxelles nikapata kazi jikoni, kwenye nyumba ya wazee kule Evere. Namenya viazi, napika supu, na saa sita juste napaswa kusukuma gari la chakula meza kwa meza.

Binti alikuwa na huit ans, miaka munane, alipoanza kunywa maji kupita kiasi. Anakunywa, anakojoa, anakonda. Nilifikiri ni kumukosa mama. Asubuhi moja hakuweza hata kuvaa viatu. Hospitalini muganga akaniambia ni ugonjwa wa sukari, ule wa watoto, na hautapona. Sindano asubuhi, sindano saa sita kabla ya kula, sindano jioni. Akikosa sindano, anaweza kufa. Akipata sindano na asikule, vilevile anaweza kufa.

Alors, nikaenda shuleni kwake, Laeken, kumuona directrice, mukubwa wa shule. Hakuwa muntu mubaya. Aliniketisha, akanipa kahawa.

"Monsieur," akasema, "infirmière wetu anazunguka shule nyingi. Anakuja kupima watoto uzito na macho, anaenda. Sheria inatudai huo ukaguzi tu, haisemi muuguzi akae hapa. Na walimu wangu hawana ruhusa ya kuchoma muntu sindano."

"Sasa mutoto atachomwa na nani?"

"Labda mutuelle yenu italipa muuguzi wa kuja."

Mutuelle ndiyo bima ya afya yetu hapa, bon, munajua. Nikapanga mustari. Dirishani wakaniambia: tunalipa muuguzi anayekuja nyumbani, shule si nyumbani, lakini labda, uulize muganga. Muganga akasema labda, uulize mutuelle. Nikarudi, nikamukuta dada mwingine. Akasema inategemea. Inategemea nini? Hakujua. Nikaomba anionyeshe kanuni yenyewe. Akasema hiyo iko kwa wakubwa, juu. Ndugu zangu, nawaambia, hiyo "labda" ilinila karibu mwaka mzima.

Nikawa naenda mwenyewe. Kila saa sita natoka jikoni mbio, bus, halafu tram, namuchoma mutoto kwenye korido, narudi. Chef wangu alivumilia, alivumilia sana. Siku moja akaniita pembeni, anaangalia chini. "Wazee wanakula supu ya baridi kila siku," akasema. "Nakuelewa, lakini siwezi tena." Nikavua tablier, ile nguo ya jikoni ya kufunga mbele, nikaikunja, nikaiweka mezani. Kazi niliyopata baadaye ilikuwa ya kusafisha ofisi, mbali zaidi, na kule hakuna kutoka.

Ndipo binti akaniambia, "Papa, nitajichoma mwenyewe." Neuf ans, miaka tisa tu. Nikamufundisha kwa kuchoma chungwa. Directrice akakubali, lakini si mbele ya wengine, watoto wangeogopa. Akajichome chooni.

Hapa munivumilie.

Siku moja alijichoma vizuri, kama nilivyomufundisha. Lakini chakula kilichelewa, naye akabaki chooni akingojea kengele, anaona haya kutoka. Sukari ikashuka. Akaanguka mule ndani, mulango umefungwa. Mama anayesafisha shule ndiye aliyeona viatu chini ya mulango, wakauvunja. Nilipofika hospitali alikuwa ameshaamka, midomo imekauka. Neno lake la kwanza: "Papa, usiwagombeze. Ni miye nilifunga mulango."

Nilitoka koridoni nikakaa chini, kwenye sakafu. Sikulia. Nilikuwa na hasira hata nikajiogopa.

Chini ya nyumba yetu anaishi mama mmoja wa Bujumbura, Muislamu, kazi yake ni kuhudumia wagonjwa majumbani. Alikuja na sahani ya wali, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Papa, kesho nitakusindikiza mutuelle. Na tusiulize tena kama labda inawezekana. Tuombe ndiyo ao hapana."

"Na wakisema hapana, maman?"

"Basi utakuwa na hapana. Leo hauna kitu."

Dirishani dada akaanza yale yale. Yule mama akamuambia kwa sauti ya chini, bila matusi, kwamba hatuondoki mpaka mukubwa ashuke. Watu nyuma yetu wakanung'unika. Tukasimama tu. Mukubwa akashuka, akasikiliza, akapanda kuuliza, akarudi. "Kwa shule, hatulipi," akasema. "Mungepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Munisamehe."

Na mimi, ndugu zangu, nikapumua. Hapana ile niliipeleka kwa muganga, na muganga hakuwa tena na mahali pa kunituma. Akatuma infirmière wa hospitali aende shuleni kuwafundisha walimu namna ya kumuangalia mutoto mwenye sukari. Directrice aliogopa sheria, akasita. Mwalimu wa binti yangu akamuambia, "Madame, hakuna sheria inayonikataza kuketi na mutoto." Tangu siku hiyo anaketi naye. Mutoto anajichoma darasani, sahani ikiwa tayari mbele yake, na mwalimu anamuangalia mpaka amalize kula.

Siwadanganye kwamba tulishinda. Tulienda wazazi kadhaa kumuona mbunge. Alitusikiliza vizuri, na sheria bado ni ile ile. Infirmière bado anazunguka. Mwalimu yule akiugua, siku hiyo mimi siendi kazini, na usiku wake silali.

Namushukuru yule mwalimu. Namushukuru mama aliyeona viatu, na jirani yangu wa Bujumbura ambaye hata leo hataki nimutaje. Nilichojifunza ni kidogo: jibu baya lililo wazi unaweza kulibeba ukaenda nalo mahali. Mudai jibu hilo, hata kama mustari unanung'unika nyuma yenu.

Na wewe uliyeingia leo mara ya kwanza, uliyeketi karibu na mulango, koti bado mwilini: usitoke bado. Utuambie mutoto anaumwa nini, na wamekuambia nini. Kesho hautaenda peke yako.