Anti Keji na Salio la Marehemu

Bi. Morenikeji Adesanwo, ambaye hapa ofisini Yaba, Lagos, anaitwa hivyo na mashine ya mishahara peke yake, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka ishirini na miwili. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nitaanza hivyo.

Anti Keji alitokea Ibadan, kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, akaajiriwa kukagua miongozo ya programu za benki. Anachukua mwongozo ulioandikwa na wahandisi, anakaa nao kama mtu asiyejua lolote, anafanya kile kilichoandikwa na si kile kilichokusudiwa, kisha anaandika chini "umepita" au "haujapita". Neno "tu", kama katika "bonyeza tu hapa", alilifuta kila alipolikuta, kwa sababu linamdhihaki anayeshindwa. Wahandisi walinuna wakambandika jina la Anti Haujapita, ingawa saa ya chakula walikuwa wa kwanza kufunua bakuli lake la moin-moin, kunde za kusaga zilizopikwa kwa mvuke.

Kampuni ilipoingia kwenye sarafu za mtandaoni, tulitengeneza programu ya kuangalia salio. Unaingiza anwani ya pochi, yaani ule mlolongo wa herufi na namba, nayo inakuonyesha zimo sarafu ngapi. Mwongozo ulisema: "Weka anwani yako." Anti Keji akaweka namba ya nyumba yake na jina la mtaa, Surulere, Lagos. Programu ikagoma. Kenechi Anyaegbu, mhandisi aliyeandika mwongozo huo, alicheka mpaka akashika meza.

"Anti, si anwani hiyo jamani."

"Sasa mimi nitajuaje? Niwekee mfano."

Kenechi akaweka mfano. Kwa haraka zake aliweka anwani ya pochi yake mwenyewe, na salio lake likakaa pale mbele ya dunia nzima: sarafu elfu arobaini na moja, kila moja sawa na dola. "Waache waone," alisema. "Kuona hakulipiwi. Bila ufunguo wangu wa siri hakuna wa kuchukua hata senti." Juu ya mfano kulikuwa na sentensi moja: "Hapa utaona salio lako." Anti Keji akausoma ukurasa wote, akaandika "umepita".

Desemba ya mwaka huo, 2021, Kenechi alifariki katika ajali ya basi huko Ore, akienda kwao Nnewi kwa Krismasi. Ufunguo wa siri, yaani nywila ya pochi, alikuwa ameuweka kichwani. Hakumwachia mtu yeyote, hata mkewe Ujunwa. Sarafu zile zipo mpaka leo, kila mtu anaziona, na hakuna atakayezigusa.

Nnewi hawakuelewa hivyo. Okwudili, kaka mkubwa wa marehemu, alionyeshwa ukurasa wetu kwenye simu, akawa anaufungua kila asubuhi na kuikuta pesa ya mdogo wake palepale. Akamwita Ujunwa mbele ya ukoo.

"Mke wetu, sisi si vipofu. Pesa tunaiona. Toa ufunguo."

Ujunwa aliapa kwamba hana. Walimtoa kwenye nyumba ya mumewe, wakabaki na watoto wake wawili, Somadina na Olanma, mpaka atakapotoa kitu ambacho hana.

Tangu hapo, kila toleo jipya la mwongozo lilipomfikia, Anti Keji aliandika "haujapita", na sababu ikawa ileile: mfano ni wa marehemu, uondoeni. Kila mara uongozi uliuchapisha vilevile. Video zimesharekodiwa, walisema, na tafsiri zimeshalipiwa. Akaitoa pochi yake mwenyewe iwe mfano. Meneja wa masoko akamjibu kikaoni, "Mama, yako ina sifuri. Nani atavutiwa na sifuri?" Watu wakacheka. Nilikuwepo, na kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Agosti mwaka huu ukurasa ulibadilishwa hatimaye, kwa kuwa tovuti nzima ilikuwa inajengwa upya. Anwani ya mfano sasa ni ya kubuni, na sentensi ameitunga Anti Keji: "Yeyote anaweza kuona salio la yeyote, lakini bila ufunguo wa siri hawezi kulichukua, hata akiwa mke au ndugu." Akachapa ukurasa huo, akapanda basi kwenda Nnewi.

Okwudili alimpokea kwa kola, zile kokwa wanazomkaribishia mgeni, akausoma ukurasa taratibu hadi mwisho.

"Mama, nakuheshimu. Lakini mwanzo mliandika 'salio lako'. Mlikuwa mnamwambia nani, kama si mke wake? Leo neno limeondoka, na anwani ya mdogo wangu imeondoka. Huyu mwanamke amewapa naira ngapi?"

Anti Keji aliniambia kwamba aliikunja karatasi yake, akapanda basi la kurudi. Sentensi ile ya kwanza aliipitisha yeye.

Ujunwa amefungua kesi kudai watoto wake, na inasikilizwa Jumatatu huko Nnewi. Anti Keji aliomba ruhusa akatoe ushahidi. Mwanasheria wa kampuni alimwandikia kwamba mfanyakazi haruhusiwi kuzungumzia bidhaa zetu mahakamani. Siku iliyofuata aliomba kustaafu, miaka miwili kabla ya wakati wake, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo ameiacha humu ndani. Wanaosema amechoka hawamjui.

Anti, tunakushukuru kwa kazi yote, hata ile iliyotuudhi. Nimeambiwa nimalizie kwa kukutakia mapumziko mema, lakini huendi kupumzika. Maisha yako yawe mema, na Jumatatu umpate hakimu msikivu. Olanma alitengwa na mama yake akiwa bado ananyonya. Siku hizi, Ujunwa akiruhusiwa kumwona getini, mtoto humwamkia kwa adabu na kumwita shangazi.