Majina ya Nyota na Jina la Mume Wangu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mama mwenyekiti ameniomba niseme kwa kifupi, lakini mimi ni mwalimu, mnatujua. Mnivumilie.

Wengi wenu mnajua nilifiwa na mume wangu. Ilianza homa, tukadhani malaria tu; wiki haikuisha. Yeye alifundisha jiografia, mimi Kiswahili. Jioni tulikaa kibarazani pale Ilala, ananionyesha nyota, ile ni Zuhura, kile ni Kilimia, huku mimi namenya viazi.

Ndugu zangu, nawaambia, baada ya mazishi kilichoniumiza zaidi ni ule ukimya. Kila mtu alimwita "marehemu". Marehemu alipenda hiki, viatu vya marehemu apewe nani. Hata watoto, kwa kunihurumia, wakaacha kumtaja baba yao. Na mimi nikaacha kulitaja jina lake. Nikaacha kazi. Nikaacha hata kuja hapa. Nilishinda na dera lile lile mpaka binti yangu akaniambia, "Mama, leo oga basi."

Mchungaji akaja nyumbani. Hakuhubiri. Alisema, "Mwalimu, kuna wageni wanafanya biashara hapa Kariakoo, wanataka kujifunza Kiswahili. Ukumbi tunao, mwalimu hatuna." Nikakataa. Akarudi. Nikakataa. Akarudi tena, nikakubali ili tu aniache nilale. Mnacheka, yeye mwenyewe yupo hapo!

Basi, wanafunzi kila mmoja na lugha yake. Nikajiuliza, hawa wote kwao wana kitu gani kimoja? Nikawapandisha juu ya paa la ukumbi, jua likishuka nyuma ya maghorofa, chini wachuuzi wanaita wateja. Nikawasomea: Jua linazama. Mwezi unapanda. Nyota inang'aa. Wanarudia, wanakosea, tunacheka. Nikawaambia sisi Wakristo tunaamini nyota zote ameziumba Mungu, na kila moja anaiita kwa jina lake.

Dada mmoja Mchina, muuza maua ya plastiki, akanyoosha mkono. "Mwalimu, nani alikufundisha nyota?"

"Mume wangu. Amefariki."

Akatafuta maneno. "Pole sana. Mume wako anaitwa nani?"

Wapendwa, hakuna aliyewahi kuniuliza. Na kazi yangu ilikuwa kumsahihisha: sema *aliitwa*, wakati uliopita. Sikumsahihisha. Mungu anayeziita nyota kwa majina, amsahau mume wangu?

Nikasema, "Anaitwa Elibariki."

Nikalia pale pale mbele ya darasa. Yule dada akanishika mkono, akarudia taratibu kama neno jipya: "E-li-ba-ri-ki." Darasa zima likamfuata.

Nilipofika nyumbani watoto walikuwa wanakula. Nikawaambia, "Baba yenu Elibariki angeumaliza huo mchuzi peke yake." Mdogo akaangua kicheko. Mkubwa akalia. Tukamwongelea mpaka sahani zikakauka.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Zipo siku bado nzito. Ila nafundisha, na nyumbani tunamtaja. Mchungaji, asante kwa ung'ang'anizi wako. Akina mama mlioniletea uji mkauacha mlangoni bila kunisumbua, Mungu awakumbuke. Na yule dada, nimeshamshukuru kwa Kiswahili, akanijibu, "Usijali, mwalimu."

Nililojifunza ni hili: mfiwa haogopi kusikia jina la mtu wake, anaogopa lisahaulike. Kama upo hapa umefiwa, na hujaulizwa jina la mtu wako, nitasimama pale karibu na mlango. Njoo unitajie. Sina haraka.