Seth Matonya na Alama za Misri

Mchungaji wetu, wazee wetu, na ninyi nyote mliofika leo hapa Mvumi kumsindikiza ndugu yetu, kwa niaba ya familia naomba niwaeleze maisha ya marehemu Seth Matonya, mwalimu, ambaye wengi mlimjua kama mtu wa kuchora ndege ukutani, na wengine, tusifichane, mlimwona kama mtu aliyerukwa na akili.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mvumi mwaka 1876, mtoto wa tatu wa mzee Matonya, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipokwenda Mpwapwa kusoma shule ya misheni, akabatizwa siku ya Pasaka mwaka 1895, na mwaka 1898 akarudi kuwafundisha watoto kusoma, kazi aliyoipenda na kuifanya bila manung'uniko. Oktoba 1901 alifunga ndoa na Loisi, Mungu akawajalia Priska, Marko, na Ruthu ambaye alitangulia akiwa mchanga.

Mwaka 1910 reli ilipofika Dodoma ilimleta Mjerumani mmoja mgonjwa wa kifua, aliyeshauriwa kufuata hewa kavu ya kwetu, akakaa hapa Mvumi, msomi wa maandishi ya kale ya Misri, yale ya akina Farao, ambayo herufi zake ni picha, bundi, nyoka, mkono, nyumba. Alimwajiri marehemu kwa mwandiko wake mzuri, marehemu akaacha shule, amchoree kila alama kwenye kipande cha karatasi na kuipanga kisandukuni, ndege na ndege, wanyama na wanyama, viungo vya mwili peke yavyo.

Mwanzoni alirudi nyumbani na furaha, kisha furaha ikaisha, kwa kuwa kila alipouliza ndege huyu anasomwaje alijibiwa, "Wewe chora, Seth, kusoma niachie mimi," naye alikuwa mwalimu, hakuweza kuchora neno asilolijua halafu akala akashiba. Alimsumbua yule bwana hadi bwana akachoka, akamketisha marehemu akamweleza kwa alama ya nyumba, kwamba ikisimama peke yake ni neno nyumba, ikifuatwa na miguu miwili inatoa sauti yake tu na neno linakuwa kutoka nje, na ikikaa mwisho wa neno lingine haitamkwi kabisa, ipo kuonyesha kwamba kinachotajwa ni jengo.

"Loisi," alimwambia mkewe jioni ile, hata chakula hajakigusa, "alama moja ina kazi tatu, na sisi tunazipanga kwa sura, kama mtu anayepanga watu kwa urefu."

Mwaka 1912 yule bwana alipokwenda Kilimatinde kutibiwa, marehemu, bila kutumwa na mtu, alimwaga visanduku vyote sakafuni akaanza kupanga upya, za sauti huku, za maneno huku, zisizotamkwa kule, naye akakwama, maana nyumba ilitaka kukaa mahali patatu na karatasi ilikuwa moja, nyingine nyingi hakujua kazi yake hata moja, na kuzirudisha zilivyokuwa hakuweza tena. Bwana aliporudi akazikuta zimetapakaa hakupiga kelele, aliokota moja, akaketi.

"Mtu asiyejua kusoma akiiona hii kwenye jiwe," aliuliza, "ataitafuta katika kisanduku gani? Umbo analiona. Kazi yake ataijuaje?"

Marehemu alifukuzwa kazi siku ile ile, na swali lile akaja nalo nyumbani.

Hapo ndipo mlipomwona na mkaa mkononi, akijaza kuta za tembe, akitafuta mpango ambao mgeni ataingilia kwa umbo na kutokea kwenye maana, na kila alipodhani ameupata alama moja iliukataa, akafuta, akaanza tena. Nafasi yake shuleni ilikuwa imeshachukuliwa, aliyelima uwele ni Loisi, na sisi ndugu tulipomuuliza ataacha lini alitujibu kwa ukali, nasi tukamjibu kwa ukali, tukakaa msimu mzima bila kutembeleana.

Mwaka 1913 Athuman, mfanyabiashara wa Kondoa, alimweleza habari za picha za kale kwenye miamba ya Kolo, marehemu akafunga safari kwa miguu akiamini kwamba huko atapata maandishi mapya, ambayo hakuna msomi aliyewahi kuyapanga. Alirudi amekonda.

"Si maandishi," alimwambia Loisi. "Nimetafuta mstari, sikuuona. Nimetafuta alama zinazorudi kwa utaratibu, sikuziona. Aliyechora alitaka zionekane, hakutaka zisomwe."

Loisi alidhani sasa basi, akamtengea ugali na mlenda, na marehemu akala vizuri, akanawa mikono, akachukua mkaa.

Januari mwaka huu wa 1914 alishikwa na homa ya papasi, ikamwacha, ikamrudia, kila mara ikimkuta dhaifu kuliko mwanzo, na alipokuwa hawezi tena kuinuka mkewe alimwambia, "Baba Priska, pumzika, umefanya ulichoweza."

"Sijafanya," alijibu. "Na msije mkasimama kanisani mkasema nimekufa nimeridhika."

Alifariki tarehe 9 Machi, alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Familia inamshukuru mganga wa misheni aliyekuja mara zote alizoitwa, majirani mliompalilia Loisi shamba wakati wa kuuguza, walimu wenzake mliochimba kaburi katika mvua, na Athuman, aliyetembea kutoka Kondoa na ambaye, ingawa ni Mwislamu, amekaa nasi tangu jana.

Na kwa kuwa alituagiza, hatusemi kwamba aliridhika. Ulikasirika, Seth, mpaka pumzi ya mwisho, nasi tulikukasirikia, na hakuna kati yetu aliyewahi kuketi nawe akuulize hata alama moja maana yake nini. Mungu akupe pumziko ulilolikataa kwetu.