Restituta Hakuanguka Mtini

Treni iliyotoka Mpanda ilikuwa inakaribia Ugalla pale mzee Amedeus, mkulima wa mpunga, alipoiona fimbo ya Restituta, aliyeketi kando yake, na ndoo ya asali miguuni pake. "Pole, mama. Ulianguka mtini ukirina?"

Restituta alikuwa amelichoka swali hilo. "Sijaanguka popote. Ni MS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu."

"Huo si wa wazungu?" mzee aliuliza, kwa uhakika wa mtu aliyesikia jambo mara moja redioni.

"Daktari wangu wa kwanza naye alidhani hivyo. Miaka minne nikatibiwa baridi yabisi. Ningekuwa mzungu, ningepigwa picha ya ubongo mapema. Mguu umelegezwa na ugonjwa, mzee wangu, ila miaka minne nimeipoteza kwa rangi yangu."



"Mimi bado nasema ni wa wazungu," Amedeus alishikilia, ila kwa sauti ndogo. "Na mizinga ya nyuki huko mitini, nani anakupandia?"

"Hakuna. Niliishusha yote, ikawa kimo cha kifua. Sasa wanawake kumi na mmoja, waliokatazwa kukwea miti tangu utoto, wanarina pamoja nami."

Treni ikasimama. Amedeus akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Restituta akautundikia ndoo, akatangulia na fimbo yake.