Bi Kulikoni na Fomu ya Ndani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kompyuta cha hospitali yetu, anastaafu mwandishi wetu wa programu, ambaye wengi tunamjua kwa jina moja tu: Bi Kulikoni. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Kitu kikiharibika, wengine huuliza nani kakiharibu. Yeye huuliza kulikoni.

Alianza kama mchapaji, akajifunza kuandika programu kwa kuchungulia za wenzake, na hatimaye akaunda ile ya kumbukumbu za wagonjwa tunayoitumia hadi leo. Udadisi wake hauna likizo. Mumewe anasimulia kwamba aliwahi kulifungua jiko la gesi likiwa zima kabisa, apate kujua linavyowaka. Lilipofungwa tena, skrubu zilibaki mezani, na wali ukapikwa kwa jirani.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha muuguzi wa wodi ya watoto. Kila alipofuta dozi iliyoandikwa kimakosa, kumbukumbu zote za mtoto zilitoweka. Wenzake walitumia programu ileile bila shida, kwa hiyo uongozi ukaanza kuandaa barua ya kumwachisha kazi. Bi Kulikoni akaomba kwanza aketi nyuma yake amtazame anavyofanya.

Wenzake walifuta kwa kibodi. Muuguzi yeye alibofya kitufe cha kufuta kilicho juu ya skrini. Sasa, fomu ya dawa imo ndani ya fomu ya mgonjwa. Kitufe kilipouliza fomu ipi inatumika, kompyuta ilitaja ile kubwa tu, kama nyumba ambayo mgeni akiuliza nani yupo, hutajiwa baba peke yake. Basi ikafutwa ile kubwa.

Bi Kulikoni akakifundisha kitufe swali jingine: kabla hakijabofywa, kishale cha kuandikia kilikuwa katika kisanduku gani, na kisanduku hicho mzazi wake, yaani kinamokaa, ni fomu ipi? Hapo ikatajwa ya dawa. Kumbukumbu zilizopotea alizirudisha kutoka kwenye nakala za akiba.

Kisha akaenda kwa wakubwa, bila kuitwa, akasema kosa ni lake, kwa kuwa programu aliiandika yeye. Barua ikachanwa.

Muuguzi yule bado yuko wodini. Watoto wake wamesoma kwa kazi hiyo, na ndiye anayeandika haya. Asante, dada, kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Kapumzike salama, na siku zako ziwe njema na nyingi.